Nilivyonunua visu vitatu kwa ajili ya kidole gumba kimoja cha babu

Wakuu, habari za muda huu. Mlioko ofisini punguzeni mwanga wa simu, maana kuna sehemu mtacheka na bosi atataka kujua mnachekea nini.

Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, hapa hapa Kyela, na wahusika wote wako hai na wanaendelea kula nyama. Majina nimebadilisha. Wazee hawa wana wajukuu humu ndani na sitaki kuitwa kwenye kikao cha ukoo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi pikipiki. Nina kibanda changu mjini, kutwa nzima nafungua nati zilizoshika kutu. Hilo la nati lishikeni, mbele huko litaniumbua.

Mada yenyewe ni kisu. Kisu cha kukunja, kile cha mfukoni. Anayeona mada ni ndogo apite tu, hatugombani.

Twende kazi.

Babu yangu mzaa baba, tumwite Ambakisye, anaishi Ipyana na shangazi yangu Atupele. Ana miaka themanini na ushee. Macho yake mazima, masikio anachagua cha kusikia, miguu inamfikisha anakotaka. Kilichomwangusha ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Kiungo kimevimba, kucha imekuwa laini, nguvu hakuna.

Sasa niwaeleze wale wasio wa huku.

Kijijini kwetu kukiwa na shughuli, iwe msiba, harusi au ubatizo, wazee wa rika moja wanakaa kona yao. Wanaletewa sinia moja la nyama, minofu mikubwa mikubwa na ndizi pembeni. Kila mzee anaingiza mkono kwenye koti anatoa kisu chake. Hakuna kisu cha kuazimana. Mzee akija bila kisu ni kama amekuja na mdomo peke yake, na ataambiwa hivyo hivyo.

Na koti halivuliwi. Joto la Kyela mnalijua, shati linalowa kabla hujamaliza chai, lakini mzee wa kwetu bila koti anajiona yuko uchi.

Kisu cha babu alikinunua enzi anafanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, kijana mbichi kabisa. Mpini wa mfupa, springi ngumu mpaka leo utadhani kimetoka dukani jana. Kukifungua lazima uingize ukucha kwenye kamfereji kembamba juu ya bapa, halafu uvute kwa nguvu. Mmeshaona tatizo liko wapi.

Siku ya siku, kwenye ubatizo mmoja, sinia likaja. Wenzake wote wametoa visu, wanakata. Babu anavuta. Ukucha unateleza. Anavuta tena, unateleza. Anajifanya anakifuta vumbi, anavuta.

Pembeni yake alikuwepo Mzee Lusekelo. Huyu na babu wamechunga ndama pamoja, wakaenda migodini pamoja, wakarudi pamoja, na tangu hapo hawajaacha kutaniana hata wiki moja. Lusekelo kashika kisu chake chenye bapa jeusi, kiko wazi, mdomo umejaa nyama, akamgeukia babu na kumuuliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Ambakisye, tukukatie?"

Wakuu, hilo neno huku kwetu anaambiwa mtoto wa miaka mitatu.

Wazee walicheka mpaka mmoja akapigwa mgongoni apate kupumua. Babu naye akacheka. Akarudi nyumbani, akakiweka kile kisu kwenye kopo la vifungo vya nguo, na tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye shughuli yoyote.

Shangazi alipomuuliza, akasema daktari amemkataza nyama.

Basi shangazi wa watu akawa anampikia maharage na mbogamboga. Mpaka ikatokea harusi ya ndugu yetu kule Matema, ambayo babu asingeweza kuikwepa. Akaenda. Sinia linaletwa tu, babu akasimama akasema anakwenda mara moja kuangalia ziwa. Mtu ameliona hilo ziwa miaka themanini, leo nyama inapita mbele yake ndiyo anakumbuka kwenda kulitazama. Hakurudi mpaka wanaosha vyombo.

Shangazi akanipigia simu. Alikuwa ameshapita zahanati kuulizia, na hakuna mtu aliyemkataza babu kitu chochote.

Jumapili nikaenda Ipyana. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kakaa juu ya kinu kilicholazwa, kisu kipo mdomoni. Anajaribu kukifungua kwa meno. Meno yenyewe yamebaki machache, ya kuhesabika.

Nilirudi nyuma kimya kimya mpaka njiani. Nikakohoa kwa nguvu, nikaanza kupiga hodi upya. Nilipofika alikuwa kashika redio, anasikiliza habari. Nikamsalimia "mugonile," akaitikia vizuri, tukaongelea mpunga.

Roho iliniuma wakuu, sitawaficha. Rika lao walikuwa wengi, sasa wamebaki sita. Hao watano wengine ndio watu pekee waliobaki duniani wanaomwita kwa jina lake. Sisi wengine wote tunamwita babu, baba, mzee. Anayemwita Ambakisye yuko kwenye lile sinia, na yeye amejifungia nyumbani na redio kwa sababu ya ukucha.

Nikaapa nitamtafutia kisu kinachofunguka.

Kisu cha kwanza nilikinunua mnadani Ipinda. Wakuu, kilikuwa kinang'aa. Kina bisibisi, kina mkasi, kina kifungua soda, kina hata kitu kingine ambacho muuzaji mwenyewe hakujua ni cha nini. Kwenye bapa kuna kipini kidogo, unakisukuma tu kinafunguka, halafu kinajifunga loki kisije kikakukunjia vidole.

Nikampelekea kwa mbwembwe zote. Nikamwambia, "Babu, nimekuletea kisu cha wazee, kinafunguka kirahisi."

Mnaona nilivyo na akili?

Babu akavaa miwani. Akakifungua, kweli kikafunguka mara moja. Nikaanza kujisifu moyoni. Kumbe kukifunga unatakiwa ubonyeze loki kwa kidole gumba kile kile kibovu. Akabonyeza, wapi. Hakuniomba msaada. Alikaa na kisu kikiwa wazi mkononi tangu chai inaletwa mpaka vikombe vinaondolewa, kama askari wa lindo. Mwisho akakiweka mezani taratibu.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana. "Cha wazee mkipeleke kwa mzee."

Kisu hicho sasa hivi shangazi anaparia nacho magamba ya samaki, na anakisifia sana.

Cha pili nilikipata kupitia dereva wa lori, jamaa yangu wa Kasumulu mpakani. Hiki cha kubonyeza kitufe. Unagusa, tap, bapa limeruka nje. Nikasema hapa ndipo penyewe, hakihitaji kidole, hakihitaji ukucha. Na safari hii sikusema neno. Nilikitumbukiza kwenye koti lake siku ya Jumamosi, nikamnong'oneza tu kwamba kuna zawadi mfukoni, nikaondoka.

Jumapili babu kaenda nacho kanisani. Anasema alikuwa anatafuta sadaka.

Tap.

Kilichomwokoa ni kitabu cha nyimbo, kilikuwa mfuko huo huo. Bapa lilitoboa kuanzia jalada, likapita nyimbo za Krismasi, likapita za ndoa, likasimama kwenye za mazishi. Babu aliimba ibada yote kakamata koti kwa mkono mmoja, na aliyekaa jirani yake akadhani mzee wa watu ameshikwa na kifua, akaanza kumpepea.

Babu alinipigia simu kabla hata watu hawajatawanyika. Alikuwa na swali moja tu, kwamba nataka kumzika au nataka afungwe. Nikaomba msamaha. Na kiukweli wakuu, visu vya namna ile achaneni navyo. Polisi akikukuta nacho utajieleza mpaka jua lizame. Kiko chooni, shimo refu.

Hapo nilitaka kukata tamaa. Ila kikatokea kitu.

Kulikuwa na msiba pale Ipyana, nikaenda kumwakilisha babu. Muda wa kula ukakaribia, simu yangu ikaita, nikasogea migombani kuongea na mteja. Nikamwona Mzee Lusekelo naye anakuja, anaangalia kushoto na kulia. Hakuniona. Akageukia mgomba, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa ndizi mbichi. Ndizi mzuzu, nene, mpini wa kisu umechomoza.

Akavuta. Kikatoka kisu, kimeshafunguliwa tayari.

Akalifuta bapa utomvu kwa kitambaa, akarudisha ndizi kwenye koti, akatembea kwenda kwenye sinia kashika kisu wazi, kifua mbele. Alipokaa tu akauliza kwa sauti, "Ambakisye yuko wapi? Au siku hizi wanamkatia huko huko nyumbani?"

Wakuu, niliganda pale pale na simu sikioni, mteja anaita haloo, haloo.

Kumbe mzee huyu naye kisu kimemshinda. Anafunguliwa nyumbani asubuhi, sijui na nani, anakichomeka kwenye ndizi kama ala, anakuja nacho hivyo. Ndiyo maana siku zote kisu chake ni cheusi. Ule ni utomvu. Na huyu ndiye aliyemwondoa babu yangu kwenye sinia.

Nilikasirika kiasi kwamba sikula. Siri ile nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikajisemea itakuwa na siku yake.

Kwanza kisu.

Pale mjini kuna mama mmoja anaitwa Bi Zuhura, ana duka la vyombo na vifaa. Familia yao ni watu wa Pangani, walikuja huku zamani kwa biashara. Ana maneno huyo mama, lakini anayasema taratibu kama anakubembeleza. Nikamweleza yote, pamoja na kitabu cha nyimbo. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza maswali.

Shati lake anafunga vifungo mwenyewe? Anafunga. Kwa vidole vipi? Sijui. Chungwa anamenya? Sijui. Chumvi anachota vipi?

"Mwanangu," akasema, "unanunua visu na mkono wa mwenyewe hujawahi kuuangalia. Nenda kaangalie, halafu uje."

Nikaenda Ipyana, nikashinda naye siku nzima nikijifanya nina likizo. Nikaona. Vifungo anafunga kwa kubana, ubavu wa kidole gumba na kidole cha shahada. Chumvi hivyo hivyo, anabana. Yaani kubana anaweza vizuri kabisa. Asichoweza ni kuvuta kwa ukucha.

Nikarudi na majibu. Bi Zuhura akatoa boksi la visu vya kukunja. Kabla sijagusa akanifunga kidole gumba kwa plasta kikawa kigumu kama kijiti, akanipaka mawese mikono yote miwili, akasema haya, fungua kimoja kimoja. Mbele ya wateja. Kuna waliokuja kununua sufuria wakaacha sufuria.

Vyote vilinishinda. Vyenye kamfereji ka ukucha, vimenishinda. Vyenye kipini, viliteleza. Mpaka nikafika chini kabisa ya boksi, nikakuta kimoja cha kizamani. Mpini wa mti mweusi, bapa moja, hakina loki, hakina bisibisi, hakina lolote. Ila mpini wake umechongwa nusu mwezi pembeni, kwa hiyo bapa likiwa limelala ndani, sehemu yake unaiona na unaweza kuibana kwa vidole viwili.

Nikabana, nikavuta. Kikafunguka, mawese na plasta vikiwa palepale. Springi yake ni ya wastani, kinakaa wazi bila kulegea, na kukifunga unakisukuma kwa kiganja tu.

Bi Zuhura akasema hicho kimekaa dukani muda mrefu, vijana hawakitaki kwa sababu hakina mbwembwe.

Swali likabaki moja. Nakitoaje? Nikisema zawadi, nimeharibu. Nikisema cha wazee, kitaishia kuparia samaki.

Hapo ndipo nikapata wazo, na wakuu mnisamehe, nililiona ni wazo la kipaji.

Nikaenda kwa babu nimenuna. Nikakaa. Nikatoa kisu nikaanza kuhangaika nacho. Navuta upande wa nyuma ambako hakifunguki, nasonya, nafuta jasho. Babu anatazama redio. Nikasonya tena.

"Vipi?" akauliza.

"Nimenunua kisu babu, kimenishinda kukifungua."

Akanyoosha mkono. Akakigeuza, akapapasa, vidole vikaikuta ile nusu mwezi. Akabana. Kikafunguka. Akakifunga. Akakifungua tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, na kila mara mgongo wake ulikuwa unanyooka kidogo.

"Vijana wa siku hizi," akasema, "vidole vyenu vimezoea kupapasa simu. Hiki utajikata nacho. Kitakaa kwangu."

Kikaingia kwenye koti. Shangazi Atupele alikimbilia jikoni, nikamsikia anachekea ndani ya khanga.

Baada ya wiki mbili hivi, mmoja wa wale wazee sita alikuwa na kipaimara cha mjukuu wake. Babu mwenyewe ndiye aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.

Sasa wakuu sikilizeni ubaya wangu.

Tulipofika mvua ikashuka, mvua yetu hii isiyopiga hodi. Wazee wote wakalowa. Mwenye nyumba akaniambia nikusanye makoti nikayaanike karibu na moto jikoni. Babu alitoa lake, kisu akakihamishia mfuko wa shati. Mzee Lusekelo alilitoa lake shingo upande. Aliligeuza geuza, akataka kusema kitu, akaangalia wenzake, akanikabidhi. Asingeweza kutoa ndizi mbele za watu.

Mimi nikaenda nayo jikoni. Nikaangalia kushoto na kulia, kama alivyofanya yeye.

Nikachomoa kisu. Nikakifunga, tena kilifunga kwa nguvu, springi yake ni ngumu kuliko ile ya babu. Nikakirudisha mfukoni kimefungwa. Ndizi nikaitupa kwenye sufuria la akina mama, ikaiva na wenzake.

Makoti yakakauka kiasi, nikawarudishia. Sinia likaja. Mimi ndiye niliyekuwa nanawisha mikono, kwa hiyo nilikuwa pale pale na birika langu. Nilipomfikia babu nikainama nikamnong'oneza yote kwa haraka. Kwamba Lusekelo naye hawezi. Kwamba anakujaga nacho kwenye ndizi. Kwamba ndizi nimeitoa na kisu nimekifunga. Kwamba leo ni leo, muulize, tukukatie?

Babu alijifuta mikono.

Wazee wakaanza kutoa visu. Lusekelo akaingiza mkono kwenye koti, na uso ukabadilika. Mkono ukabaki humo ndani. Nikaona kitambaa cha koti kinatikisika, anajaribu kukifungua huko huko mfukoni, anavuta, anavuta. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mzee mmoja akamwuliza mbona hali. Akasema anasubiri ipoe.

Nilikuwa nafurahi wakuu. Naomba niwe mkweli, nilikuwa nafurahi sana. Nilimkumbuka babu na kisu mdomoni.

Babu akatoa kisu chake. Mpini mweusi, kimefungwa. Wote wakamtazama, maana wanakumbuka. Akakibana kwenye ile nusu mwezi, nikaona kabisa vidole vimeshakaa, bado kuvuta tu.

Akaviondoa.

"Lusekelo," akasema. "Kidole changu kimegoma leo. Hebu nifungulie."

Nilitamani nimmwagie maji ya birika. Kisu nimekihangaikia miezi, nimetoboa kitabu cha Mungu, nimepakwa mawese mbele za watu, halafu anajiaibisha mwenyewe mbele ya mtu yule yule.

Lusekelo akautoa mkono mfukoni taratibu. Akakipokea kile kisu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kinachofuata, anajua hataweza, na anajua wenzake wote wanamwangalia. Akakigeuza. Vidole vyake navyo vimevimba, sikuwahi kuviangalia. Vikapapasa, vikaikuta nusu mwezi.

Akabana. Kikafunguka.

Alikitazama kile kisu muda mrefu. Halafu akamtazama babu.

"Hiki ndicho kimekushinda, Ambakisye?"

"Kimenishinda."

Lusekelo akatikisa kichwa. Akakata mnofu, kipande akamsogezea babu, kipande akala. Akamrudishia kisu, babu akakata, akamrudishia tena. Walikula hivyo sinia zima, kisu kimoja kinakwenda na kurudi. Hakuna aliyesema tukukatie. Mmoja alifungua mdomo kama anataka kutania, akawaangalia wale wawili, akaweka ndizi mdomoni.

Mimi pale na birika langu nilijiona mdogo. Nilitaka babu arudi kwenye sinia, na nilikuwa karibu kabisa kumwondoa mtu mwingine ili nafasi ipatikane. Aibu iliyonishika sikuitegemea.

Wakati wa kurudi tulitembea, mvua imekatika. Tukafika karibu na nyumbani, babu akapunguza mwendo.

"Kile kisu kilichokushinda wewe," akasema.

"Ndiyo babu."

"Wewe unayefungua nati za pikipiki kutwa."

Nikaruka dimbwi.

"Kesho nenda huko ulikokinunua, uulize kama kipo kingine. Halafu Lusekelo akipita kwako, kikushinde tena."

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, na alikichukua hivyo hivyo.

Bi Zuhura alichimbua maboksi ya nyuma akapata vichache vya kufanana nacho, nikachukua cha mpini wa kahawia. Nikakaa nacho kibandani. Siku ya nne Mzee Lusekelo akaja, ametoka Ipyana mpaka mjini na koti lake. Akasalimia, akaulizia hali ya biashara, akaulizia mvua. Halafu akasema ana rafiki yake mmoja, vidole vinamsumbua, anatafuta kisu.

Nikafanya kama nilivyoagizwa. Nikatoa kisu nikasonya, nikamwambia mzee wangu, nimenunua hiki, kimenishinda kukifungua. Na mikono yangu ina grisi mpaka kwenye viwiko, spana iko mapajani.

Akakichukua. Akakifungua. Akakifunga. Akasema vijana wa siku hizi. Akakiweka kwenye koti, mfuko wa ndani.

Kisha kutoka mfuko huo huo akatoa ndizi mzuzu mbichi, nene, haina tundu hata moja. Akaiweka juu ya benchi langu, katikati ya spana.

"Hii nayo uile," akasema. "Ile nyingine najua ilikwenda wapi."

Akaondoka zake, hakugeuka.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumnunulia mzee kisu cha kukunja, usianze na kisu. Kaa naye siku moja uone vidole vyake vinafanyaje kazi, kama anabana, anavuta au anasukuma. Loki na vitufe waachie vijana. Tafuta cha kizamani chenye nusu mwezi kwenye mpini, springi ya wastani. Na kabla hujakitoa, fikiria utakitoaje, maana mimi niliharibu zaidi kwa mdomo kuliko kwa kisu.

Na ukiona mzee anamcheka mwenzake, mwangalie mfukoni kwanza kabla hujamkasirikia.

Babu sasa hakosi shughuli hata moja. Ndizi niliichoma nikaila peke yangu kibandani, na tangu siku hiyo wazee wengine wawili wameshapita kwangu. Wote wawili wana rafiki ambaye vidole vinamsumbua.

Haya, uwanja ni wenu. Mlio na wazee nyumbani, mnawapaje vitu bila kuwaonyesha kwamba mnawapa? Na kama kuna anayejua duka lenye visu vya nusu mwezi aseme hapa, maana Bi Zuhura amebakiza viwili na mimi vimeanza kunishinda kila wiki.